Mti mnene haulipwi unene wake

Mhariri,

Kazi yangu ni kupasua mbao, hapa Busia upande wa Uganda. Naandika kwa sababu ya hesabu moja ya duara inayowapunja wenye miti huku kwetu, na wengi wao hawajui kuwa wamepunjwa.

Mwezi uliopita mama mmoja jirani yetu aliniita nimwangushie mikaratusi yake. Mnunuzi alikuwa ameshapita na kulipa: mti mwembamba shilingi 30,000, mnene 60,000. Alimwambia kwamba mnene ni mara mbili ya mwembamba, basi na bei iwe mara mbili. Mama akaona ni haki. Mimi mwenyewe ningeona hivyo, kama nisingekuwa na msumeno.

Magogo yalipolala chini nikayazungushia tepu ya fundi cherehani. La kwanza lilikuwa na mzingo wa sentimita 63, yaani kipenyo cha 20. La pili mzingo wa 126, kipenyo cha 40. Mara mbili kweli, mnunuzi hakusema uongo. Lakini ukitazama pale msumeno ulipopita, ule uso mbichi ambao bado unatoa maji, gogo dogo lina eneo la sentimita za mraba 314 na kubwa lina 1,257. Hiyo ni mara nne! Na mbao zinatoka kwenye eneo hilo. Yote mawili niliyakata futi 12, kwa hiyo mti mmoja mnene ulibeba ujazo wa miti myembamba minne, na kwa bei ileile ya mnunuzi ulistahili 120,000. Mama akaniuliza, "Mwanangu, mbona hukuja jana?" Nilikosa la kumjibu.

Anayetilia shaka achore mchangani mraba wa hatua moja kila upande, kisha mwingine wa hatua mbili. Ndani ya ule mkubwa vinaingia vidogo vinne. Sasa duara nalo hukaa ndani ya mraba wake likigusa pande zote nne, na siku zote huchukua sehemu ileile ya mraba huo, karibu 11 katika 14, liwe la kifuniko cha chupa au la pipa. Mraba ukikua mara nne, duara lake linakua mara nne vilevile. Kipenyo mara tatu, eneo mara tisa. Nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi, walikozikwa wafalme wa Buganda, ina kipenyo cha mita 31 kwa nje. Iweke karibu na msonge wa mita 10, upana umezidi mara tatu na kidogo, lakini eneo limezidi mara tisa na nusu. Hata chapati: moja ya sentimita 22 inazidi mbili za sentimita 15, unga ukiwa na unene uleule.

Kwetu wapasuaji tofauti ni kubwa kuliko hata hiyo mara nne, maana gogo jembamba sehemu yake kubwa inaishia kwenye mabanzi, yaani vipande vya pembeni vyenye gome, na mabanzi ni ya kuni tu.

Kinachoniuma zaidi ni miti inayokatwa mapema. Mkaratusi ukitoka kipenyo cha sentimita 10 hadi 15, unaongeza eneo la sentimita za mraba 98. Ukitoka 25 hadi 30, sentimita tano zilezile zinaongeza 216. Najua ada ya shule haingoji, na simlaumu mzazi. Ila akiwa na miti kumi na shida inatoshwa na mitatu, aiache saba isimame.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kwenye ukurasa wa bei za mazao, chapeni pia jedwali la miti: mzingo kwa sentimita, kwa sababu ndio mkulima anaoweza kuupima mti ukiwa umesimama, na pembeni yake mti huo ni sawa na mingapi ya mzingo wa 63. Mzingo wa 94 ni miwili na robo. Wa 126 ni minne. Wa 157 ni sita na robo. Mistari mitano au sita inatosha, na mama yule anaweza kuikata akaibandika mlangoni kabla mnunuzi hajarudi kwa miti iliyobaki.

Mpasua mbao,
Busia, Uganda