Harambee ya jiko la uji, Obunga

Wazazi, na nyinyi wana wa Obunga mlio hapa mjini Kisumu na mlio mbali, hamjambo.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada, kamati ya wazazi inawaalika kwenye harambee uwanjani pa shule. Tunataka kununua jiko kubwa la gesi na mtungi wa kilo 50, uji wa saa nne uache kupikwa kwa makaa.

Mtasema: si elimu ni bure tangu 2003? Karo ya msingi iliondolewa, kweli, na serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Zigawe kwa siku za masomo, hazifiki shilingi nane. Tena ni za vitabu na uendeshaji, za chakula hazimo. Mpango wa serikali wa chakula shuleni umeelekezwa zaidi kaunti kame, na hatuwaonei wivu.

Lakini kodi tunalipa. Mama anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, hana payslip ya kukatwa kodi, ila kila lita ya mafuta taa anayopimiwa dukani ina tozo ya shilingi 18, iliyowekwa 2018 ili wafanyabiashara wasichanganye mafuta taa na dizeli. Yeye hana lori. Ana stovu. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha ikapandisha tena VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta, kutoka asilimia 8 hadi 16. Unga wa ugali hautozwi VAT. Moto wa kuupika ndio unaotozwa. Basi nyumba nyingi stovu huwashwa jioni tu, na mtoto anatoka asubuhi bila hata chai ya rangi. Mwalimu wa chekechea anawajua: saa tatu haijafika, wamelaza vichwa mezani.

Sheria hiyohiyo ya 2023 iliondoa VAT kwenye gesi. Nafuu hiyo ni ya mwenye mtungi, nasi hatuna.

Najua wapo wanaokumbuka sufuria za harambee iliyopita. Tulinunua mbili, moja haijaonekana hadi leo. Safari hii risiti zitabandikwa mlangoni pa ofisi na mtungi utafungwa kwa mnyororo.

Walio mbali watume kwa mwekahazina. Namba yake iko kwenye grupu ya wazazi. Asiye na pesa alete wimbi au sukari. Makaa msilete.