Supasimetria haijafa, mhariri

Ndugu mhariri, naomba kanafasi kidogo. Juzi mliandika supasimetria, yaani lile wazo kwamba kila aina ya chembe ina pacha wake, imekufa kwa sababu ile mashine ya kugonganisha chembe ya CERN, kituo cha utafiti cha Ulaya, yenye mzingo wa kilomita 27, iliyoiona chembe ya Higgs mwaka 2012, haijaona hata chembe pacha moja. Hazijaonekana kweli, hapo sibishi. Ila kufa jamani? Mi nafundisha fizikia sekondari, na vijana wangu walikuja na kichwa cha habari hicho asubuhi wakidhani wazo lote limetupwa, iliniuma sana.

Iko hivi. Mwaka 1981 mwanafizikia Edward Witten aliichukua supasimetria akaishusha hadi kwenye mekanika ya kwanta (fizikia ya vitu vidogo sana), mfumo mdogo kabisa, yaani chembe moja kwenye mstari basi, hamna cha mashine. Huko ukipanda juu ya nishati sifuri, kila ngazi ya nishati ina hali za bosoni (aina inayokubali kurundikana) na za fermioni (aina isiyokubali mbili kukaa hali moja) sawa kwa sawa. Baadae wengine wakajiuliza, je sheria zenyewe za supasimetria tukizipinda kidogo? Mwanafizikia Andrei Smilga akaleta aliyoiita supasimetria dhaifu, halafu Evgeny Ivanov na Stepan Sidorov pale Dubna, Urusi, wakaipanga vizuri kwa kigezo m, yaani namba inayopima upindaji huo, ukikifanya sifuri unarudi kwenye ile ya kawaida, kisipokuwa sifuri basi supachaji (vitendo vya kihesabu vinavyogeuza bosoni kuwa fermioni na kinyume chake) mbili zikikutana hazikupi nishati peke yake, zinakuja na mizunguko ya ndani pia.

Maneno magumu eeh? Basi nilichukua vizibo vya soda nikavimwaga mezani. Vyekundu ni bosoni, rundika utakavyo. Cheusi kimoja na cha bluu kimoja ni fermioni, na kila kimoja kinatumika mara moja tu. Kila kizibo kina nishati m. Bila kizibo una hali 1. Kwa kizibo kimoja: chekundu, cheusi au cha bluu, hali 3. Kwa viwili: vyekundu viwili, chekundu na cheusi, chekundu na cha bluu, cheusi na cha bluu, hali 4. Kwa vitatu 4 tena, na kuendelea juu ni 4 tu. Ukiwa na cheusi na cha bluu pamoja, hali hiyo inahesabiwa ya bosoni, kwa hiyo kuanzia vizibo viwili ni mbili za bosoni mbili za fermioni. Binti mmoja wa kidato cha nne akakaa kimya akahesabu tena kwa kidole, akasema mwalimu mbona hapa kwenye kizibo kimoja fermioni ni mbili na bosoni ni moja, si ulisema lazima zilingane? Nilitaka kuruka! Ndo penyewe hapo, ndo m inapoonekana, na ameiona mtoto mezani kwa macho yake.

Kwa hiyo mhariri naomba mrekebishe, andikeni kwamba chembe pacha hazijaonekana kwa nishati zilizofikiwa mpaka sasa. Na mkipata nafasi wekeni hiyo hesabu ya vizibo kwenye ukurasa wa wanafunzi, haichukui hata nusu safu.

Mwalimu wa fizikia, Morogoro