Kiuno kimepoa, lakini nikipita kilomita saba asubuhi siinami

Mpendwa mshauri,

Salaam aleikum. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, naishi Tororo na kazi yangu iko mpakani Malaba, kwa wakala wa forodha. Kutwa niko kwenye kiti mbele ya kompyuta, nashughulikia makaratasi ya malori yanayotoka Mombasa, na madereva wamesimama dirishani wanauliza, "Bosi, yangu bado?" Naandika kwa sababu ya kiuno changu. Naomba uvumilivu wako, maana habari yake ina miezi 14 sasa.

Mimi si mwanariadha wa kulipwa. Nilianza kukimbia Agosti 2012, wiki ile Stephen Kiprotich alipotuletea dhahabu ya marathoni kutoka London. Uganda ilikuwa haijapata dhahabu ya Olimpiki tangu ile ya John Akii-Bua mwaka 1972, na mimi nilikuwa sijazaliwa. Kesho yake nikavaa raba nikatoka. Toka hapo asubuhi tatu kwa wiki nazunguka barabara za chini ya mwamba wa Tororo, na Jumapili nacheza mpira na wenzangu wa rika langu. Kazi yetu ni ya kelele na lawama, na mbio ndizo zinazonirudisha nyumbani nikiwa mtu.

Mwaka jana nilijiandikisha mbio za kilomita 21 kule Kampala. Nilikuwa nimezoea kama kilomita 20 kwa wiki. Ndani ya wiki nne nikazifikisha 45. Asubuhi moja nimerudi, jasho halijakauka, nikainama ninyanyue jerikeni ya lita 20 niiingize bafuni. Nikasikia kitu kimekatika kiunoni upande wa kulia, kama kamba ya katani iliyovutwa ikazidi. Nikapiga magoti pale pale uani, mkono umeganda kwenye mshikio wa jerikeni, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyenibandua vidole kimoja kimoja.

Siku tisa nililala chali, nikiamini ndiyo dawa. Kliniki ya jirani wakanichoma sindano za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kila nguvu yake ikiisha narudi kuchomwa nyingine, mpaka tumbo likaanza kuwaka moto na nikaambiwa nina dalili za vidonda. Nikaenda kwa mzee mmoja anayekanda. Huko nilirudi nimebebwa, sina haja ya kueleza zaidi. Mwishowe nikauza mbuzi watatu nikaenda Kampala kupigwa picha ya MRI. Majibu yakasema diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za L4 na L5, yaani ya nne na ya tano za kiunoni, imetokeza kidogo. Daktari aliyenisomea hakunigusa, hakuniambia hata niiname aone. Alitazama karatasi akasema, "Mgongo wako umechakaa. Mpira na mbio sahau."

Mshauri, neno lile lilinikaa. Nikaanza kutembea kama mtu aliyebeba mayai. Nyumbani sikushika tena jerikeni wala kumbeba mtoto wangu wa mwisho. Mama yangu akaninunulia mkanda wa kiuno na nikaufunga asubuhi mpaka usiku. Msikitini nikawa naswali kwenye kiti, safu ya nyuma, pamoja na wazee wa miaka 70. Rukuu naiashiria kwa kichwa. Ijumaa moja wenzangu wote walipokwenda sijida nikabaki mimi na wale wazee tumekaa wima, nikashindwa kuyazuia machozi.

Aliyenitoa hapo ni mtaalamu wa fiziotherapia niliyempata Mbale. Kwanza aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: je, nina ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kinanipotea, mguu unalegea, nina homa au jasho la usiku, nimepungua uzito bila sababu? Alisema TB hukaa hata kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo lazima aulize. Vyote sina. Akanigonga magoti kwa kinyundo, akaniinamisha, akanisimamisha kwa mguu mmoja. Ndipo akaniambia kwamba watu wengi wa umri wangu wasioumwa popote wakipigwa picha wataonekana na diski kama yangu, na kwamba kulala siku nyingi na kuogopa kuinama ndiko kulikonikausha.

Tulianza na kutembea dakika 10 asubuhi na 10 jioni, tukaongeza mpaka 40. Kisha mazoezi mkekani: kulala chali na kunyanyua nyonga, kupiga magoti na viganja chini, nikinyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, halafu kubadilisha, kulala ubavu nikijishikilia kwa kiwiko. Mwezi wa tatu akaniambia nilete jerikeni. Nilitetemeka. Tuliijaza lita tano tu, akanionyesha kusukuma nyonga nyuma na kuileta karibu na mwili kabla ya kunyanyua. Leo nanyanyua lita 20 bila kufikiri. Mkanda niliuvua baada ya kusoma kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda. Mama hajafurahi, ila ameniacha. Kazini kila baada ya nusu saa nasimama, nawafuata madereva dirishani badala ya kupaza sauti nikiwa nimekaa. Na tangu Ramadhani naswali chini kama zamani, alhamdulillahi.

Sasa kinachonisumbua. Wiki kumi zilizopita nilianza kukimbia tena, dakika moja mbio, mbili kutembea, nikapanda polepole. Kilomita tano nakimbia vizuri, jioni nalala, asubuhi naamka mzima. Lakini kila nikipita saba, wakati wa kukimbia sisikii kitu, ila asubuhi yake kiuno kimekaza kama mbao. Soksi siwezi kuvaa nimesimama, nakaa kitandani nauvuta mguu kwa mikono miwili. Kunawa uso kwenye beseni naegemea ukuta. Baada ya saa moja hivi, nikishatembea, kinaachia, na mchana nakisahau. Hakiteremki mguuni na hakuna ganzi. Imetokea mara nne, na mara zote nilirudi nyuma nikaanza upya kwenye kilomita tatu.

Mtaalamu wangu amehamishwa mbali na simu yake haipatikani. Mke wangu, ambaye alinivalisha suruali miezi miwili mizima, anasema, "Baba Salma, tano zinatosha, unamkimbilia nani?" Simlaumu. Wenzangu wa mpira nao wananiambia nijikaze, kwamba mwili unadeka. Nami kila asubuhi ya soksi nasikia ile sauti ya Kampala: mgongo wako umechakaa.

Naomba unisaidie kwa haya. Kukaza kunakokuja asubuhi na kuondoka ndani ya saa moja ni dalili kwamba naumiza kitu, au ni misuli inayozoea mzigo? Nitatambuaje maumivu ya kunisimamisha na yale ninayoweza kuyavumilia? Ikitokea, nirudi mpaka kilomita tatu kama ninavyofanya, au nibaki tano na sita kwa wiki kadhaa kabla ya kugusa saba? Na mpira, ambao una kugeuka ghafla na kupiga mashuti, uje kabla ya mbio ndefu au baada yake?

Kama kuna msomaji aliyepita njia hii akarudi uwanjani baada ya miaka 40, naomba naye anieleze alipita vipi hapo kwenye kilomita saba. Kesho asubuhi natoka tena. Nitaishia tano mpaka nipate jibu lako.

Wako,
Baba Salma
Tororo