Asiyelipa hatakula; je, aliyelipa?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wa barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Hesabu niliishia kidato cha nne, lakini kuna tangazo limeninyima usingizi.

Lilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya shule anakosoma binti yangu: "Asiyelipa mchango wa chakula hatakula." Nikalipa siku ileile. Wiki haijaisha, binti karudi na njaa; maharage yalikwisha foleni haijamfikia. Nilipokwenda kulalamika, mhasibu akaniambia, "Mzee, soma vizuri. Wapi tumeandika kwamba aliyelipa atakula?"

Nilitaka kugomba. Njiani nikakubali kwamba, kwa maneno yale yalivyo, jamaa hajakosea. Tangazo lile ukiligeuza kwa haki unapata hili: anayekula, amelipa. Ukisoma "anayelipa atakula" umejiongezea mwenyewe. Namba ikigawanyika kwa 4, inagawanyika kwa 2 pia. Geuza mbele nyuma uone kama 6 haijakuumbua. Wahenga nao walipima maneno: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sharti, basi. Wangapi wameinama wakaambulia vumbi?

Hata mimi hushtakiwa kila msimu wa harusi. Huwaambia wateja: "Ukileta kitambaa kabla ya Jumatano, Jumamosi unavaa." Kuna dada alileta Alhamisi, nikakesha, akavaa. Jirani yake akaleta Ijumaa, akakosa, akanitangaza mtaa mzima kuwa ni mwongo, ati mbona mwenzake kashonewa. Mhariri, hao wote wawili sikuwavunjia ahadi, maana ahadi yenyewe haikuwagusa. Aliyeleta Jumatatu akavaa, huyo hana neno. Uongo wangu ungekuwa mahali pamoja tu: kitambaa kimefika Jumatatu, Jumamosi mtu hana nguo. (Imetokea mara moja, umeme ulikatika siku mbili. Hela nilirudisha.)

Mpwa wangu aliye kidato cha tano alinichorea jambo hili kwenye karatasi ya kukatia kola. Ahadi ya upande mmoja huandikwa kwa mshale wenye ncha moja. Ikifunga pande zote, mshale una ncha mbili, nao husomwa "ikiwa, na ikiwa tu". Nikamwuliza tangazo la shule lina ncha ngapi. Akacheka.

Sasa wanaoandika matangazo ya michango waongeze mstari wa pili: "Aliyelipa atakula." Hauzidi maneno mawili. Na kama hawawezi kuahidi hivyo, watuambie mapema sisi wazazi kwamba tunacholipia ni nafasi kwenye foleni.

Fundi Cherehani,
Morogoro