Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kabla ya ngozi ya maabara, tupate taa

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kuhusu mbalanga, ugonjwa unaofuta rangi ya ngozi, ambao mitaani bado unachanganywa na ukoma. Tangu Japani iidhinishe mwaka 2023 ngozi inayooteshwa maabara kwa ajili ya ugonjwa huu, wagonjwa wanauliza itafika lini. Rai yetu ni kwamba tusianzie huko.

Ngozi hiyo huanza na kipande kidogo cha mgonjwa mwenyewe. Seli hutenganishwa, kisha huoteshwa kwenye joto la nyuzi 37 kwa takriban wiki tatu. Kinachopatikana ni utando mwepesi kama ganda la ndani la kitunguu, nao hunywea mara ukibanduliwa. Umeme ukikatika, au bakteria wakiingia chupani, wiki tatu zimekwenda na mgonjwa anakatwa upya. Tena seli za kawaida za ngozi huzaliana upesi kuliko melanosaiti, zile zinazotengeneza rangi. Utando waweza kushika vizuri na baka likabaki jeupe vilevile.

Ipo njia isiyohitaji kuotesha. Ngozi nyembamba huchanwa pajani, hulowekwa kwenye tripsini (kimeng'enya kinachoachanisha seli) ya asilimia 0.25 kwa muda usiozidi saa moja, tabaka la juu hubanduliwa, na seli zake huzungushwa kwenye mashine hadi zituame. Zikichanganywa na maji kidogo ya dawa humwagwa juu ya baka lililokwaruzwa, siku hiyohiyo. Kipande kimoja hutosha eneo kubwa mara tano hadi kumi.

Ugumu uko mkononi mwa anayekwaruza. Akikwaruza juujuu, seli hazishiki. Akizama, anaacha kovu. Vitone vya damu vikianza kuchomoza, asimame. Bandeji isiguswe kwa wiki nzima. Ncha za vidole na viungo vinavyokunjwa kila mara hushika vibaya, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajaweka saini.

Asipandikizwe mtu ambaye mabaka yake hayajatulia kwa angalau mwaka mmoja. Mwili ulioziua melanosaiti za zamani utaziua na hizi, na jeraha la pajani laweza kugeuka baka jipya. Kwa hiyo picha zipigwe kila miezi mitatu; kumbukumbu ya mgonjwa haitoshi.

Tunaomba upasuaji huu ufundishwe Moshi, kwenye kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa kanda tangu 1992. Tunaomba pia taa za UVB, yaani za mwanga wa urujuanimno, za nanomita 311 katika hospitali za rufaa za mikoa, kwa kuwa tiba ya mwanga hutakiwa mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi mingi, awe mgonjwa amepandikizwa au la. Mtu wa Sumbawanga hawezi kuifuata Dar es Salaam.

Bajeti iguse vipuri na kipimo cha mwanga. Taa hizi huchoka kabla hazijazimika: zinawaka, mgonjwa anasimama mbele yake, na dozi haimfikii.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wataalamu wa ngozi na maabara