Najua kupima watu, sahani yangu imenishinda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, nina miaka 36, mume wangu ni mwalimu na tuna watoto watatu. Matatizo ya wenzangu nimeyasoma mara nyingi na majibu yako yamenifaa. Leo nimekuja na la kwangu, naomba unisikilize mpaka mwisho maana ni refu kidogo.

Tarehe 14 Desemba, Mungu akipenda, tunasafiri familia nzima kwenda Unguja, siku nane. Tangu tuoane mwaka 2011 hatujawahi kusafiri pamoja ila kwa msiba au harusi. Hela tumeziweka kwenye kikoba tangu Januari, na mgao ni wiki ya kwanza ya Desemba. Mume wangu ameshawaahidi watoto Mji Mkongwe, na kima punju wa msitu wa Jozani, na kuogelea kila siku.

Nikaamua nisiende nikiwa vile nilivyokuwa. Si kwa ajili ya nguo, nguo najishonea mwenyewe, mwili ukiongezeka naachia mishono. Ni siku ya Idi ya kuchinja. Tulikwenda ufukweni Mikindani, binti yangu wa mwisho mwenye miaka sita akaniambia tushindane mbio mpaka ngalawa ya tatu. Nilifika ya kwanza nikakaa mchangani, moyo unanidunda kooni. Akarudi, akanishika mkono, akasema, "Basi mama, pumzika." Nikiwa sekondari nilicheza netiboli, nafasi ya senta, sikuwa natolewa uwanjani. Usiku ule sikulala vizuri.

Mwisho wa Julai nikaanza, nikiwa na kilo 81. Alfajiri tunatoka Chikongola mimi na jirani yangu, tunakwenda hadi ufukwe wa Shangani na kurudi. Mwanzo tulitembea tu, baadaye tukawa tunakimbia kidogo tunapumzika, tunakimbia tena. Maji yakiwa yametoka unawakuta kina mama wameshainama kwenye miamba na vyuma vyao wanatafuta pweza, wanatutania kwamba tunamkimbia nani asubuhi yote hii. Nilikuwa nakula kama kawaida, nimepunguza sukari na maandazi tu. Shangazi, mwezi ule wa Agosti nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo miaka mingi. Nililala fofofo, miguu ikawa myepesi, na siku moja nilikimbia bila kusimama mpaka bahari ikaonekana.

Septemba jirani akaniunganisha na kundi la WhatsApp la changamoto ya siku 60. Anayeliongoza simjui hata sura. Asubuhi unatuma picha ya mizani, usiku unatuma picha ya sahani. Ugali marufuku, wali marufuku, muhogo marufuku, nazi marufuku, na korosho marufuku, huku Mtwara, wakati mwingine unakuta zimeanikwa mpaka mlangoni. Siku yangu ikawa hivi: asubuhi chai ya tangawizi bila sukari na yai moja la kuchemsha, mchana tango na nusu parachichi, usiku kipande cha samaki wa kuchoma na mchicha usio na mafuta. Ukituma sahani yenye wali unaandikiwa mbele ya wote kwamba hujitaki. Niliandikiwa hivyo mara moja, sikurudia. Mazoezi nayo yakaongezwa, nikawa naruka kamba jioni juu ya mbio za asubuhi.

Na kazi ndiyo ilikuwa inapamba moto. Minada ya korosho ikianza Oktoba, hela zinaingia vijijini, watu wanashona sare za harusi na nguo za watoto. Nakaa kwenye cherehani mpaka saa nne usiku, tumboni kuna tango.

Kilo zilishuka, nimebaki na 66. Kila asubuhi naizungusha futikamba kiunoni kabla sijanawa uso, na kundini nilipongezwa sana. Lakini kukaanza mengine. Nasikia baridi katika joto hili la Mtwara, wenzangu wanajipepea na mimi nimejifunga khanga mabegani. Nikichana nywele zinabaki kwenye kitana. Nawafokea watoto kwa vitu vidogo, nikimaliza nalia. Na njia ile ya Shangani niliyokuwa naimaliza Agosti, sasa nasimama mara mbili, tatu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu mimi nilianza kwa kutafuta nguvu.

Hedhi haikuja Oktoba, wala Novemba hii. Mume wangu alidhani ni mimba, akafurahi, akaanza hata kutaja majina. Tukapima, hakuna kitu. Hakunilaumu, ila siku nzima hakuongea.

Kilichonifumbua macho ni kitenge cha mteja. Alikuja kutoka Tandahimba na kitenge cha yadi sita, sare ya harusi ya mdogo wake. Nikakunja, nikapima, nikapiga chaki, nikakata. Nilipotaka kuunga mabega nikaona nina migongo miwili na mbele hakuna. Nikavigeuza vile vipande, nikavilaza tena mezani, migongo miwili. Tangu asubuhi ile nilikuwa nikiinuka naona giza. Kazi hii nina miaka 15 nayo, na sijawahi kukosea namna ile. Nilizunguka sokoni siku nzima kutafuta kitenge cha maua yale yale, nikakilipia mwenyewe.

Kesho yake nikaenda zahanati. Malaria hakuna. Damu 9.8. Nesi akaniambia mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na angalau 12. Akaniuliza ninakula nini, nikamtajia kama nilivyokutajia wewe, akaweka kalamu chini akaniangalia. Alisema mazoezi mengi na chakula kidogo vinaweza kusimamisha hedhi, kwamba mwili ukiona kinachoingia hakitoshi unaacha kwanza yale unayoweza kuishi bila hayo. Akanipa vidonge vya kuongeza damu, akanikataza kunywa chai pamoja na chakula kwa kuwa inazuia damu kupata madini ya chuma, akasema nile na machungwa au maembe. Nirudi baada ya wiki nne. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni, kwa hiyo neno lake la mwisho lilikuwa moja tu: "Kula chakula cha kutosha."

Shangazi, cha kutosha ni kiasi gani? Nampima mtu bega, kifua, nyonga, sikosei hata nusu inchi. Sahani yangu mwenyewe sijui tena ijae mpaka wapi.

Nyumbani anayepika ni mama mkwe. Anapika ugali wa makopa, kisamvu cha nazi, mbaazi, samaki wakipatikana, na ming'oko, vile viazi mwitu vya huku kwetu, ikipatikana anaichemsha sufuria nzima. Miezi hii miwili sahani yangu imekuwa ikilala chini ya kawa mpaka asubuhi. Mwanzo alikuwa ananihimiza. Kisha akanyamaza. Wiki iliyopita akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, chakula changu kina kasoro gani?" Sikuwa na jibu. Mama huyu amenilelea watoto wangu wote watatu. Na mtaani anasikia maneno, maana huku kwetu mwanamke aliyeolewa akikonda ghafla watu wanatafuta sababu: mume anamtesa, au ana ugonjwa ambao hawautaji ila kwa kunong'ona. Yeye ndiye anayewajibu kisimani na msibani.

Kundini nimejitoa Jumapili. Nilidhani nikishajitoa nitakula. Jumatatu nikala wali na mbaazi sahani nzima, mama mkwe akanitazama bila kusema kitu, akaenda kuniongezea mchuzi. Usiku, watu wote walipolala, nikatoka uani gizani nikaruka kamba mpaka magoti yakatetemeka. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Nakwambia wewe kwa sababu limenitisha.

Naomba unielekeze. Kwanza mbio, niache kabisa mpaka damu irudi, au kutembea mpaka Shangani kunaruhusiwa? Sitaki kuipoteza ile Agosti. Halafu nesi alidokeza kwamba ugali wa makopa unashibisha lakini hauna cha kujenga mwili, sasa kwenye sahani moja niuwekee samaki kiasi gani, au mbaazi, au kunde, siku ambazo samaki ni ghali? Nile kabla ya mazoezi au baada? Korosho konzi moja mchana nikiwa kwenye cherehani, ni dawa au ni makosa? Na hofu hii ya kijiko, ambayo inanipata hata nikiwa na njaa kweli, inatibiwa na nani? Niende hospitali kwa hilo pekee, au watanishangaa?

Na jirani yangu bado yumo kundini. Jana tukiwa njiani alishika ukuta, akasema ni kiatu. Ana miaka 29 na anajivunia sana picha zake za mizani. Nikimwambia yaliyonipata anadhani nimeshindwa tu. Nimwambieje asikie?

Mama mkwe nimepanga kumwambia ukweli wote, pamoja na ile kamba, ila nataka niwe na jibu lako mkononi ili nimwombe tupange pamoja cha kupika.

Tafadhali nijibu kabla hatujasafiri. Basi la Dar es Salaam linaondoka alfajiri na safari ni ya kutwa, na nataka nijue nifunge chakula gani cha njiani, cha watoto na changu.

Fundi wa Chikongola,
Mtwara