Risala ya Kikundi cha Wenza wa Askari wa Zimamoto na Uokoaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazimamoto Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Viongozi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mliopo. Viongozi wa dini. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, tarehe 4 Mei, siku ambayo dunia huwakumbuka wazimamoto. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu katikati ya majukumu mengi ya kitaifa. Karibu sana.

Kikundi chetu ni cha wake na waume wa askari wa zimamoto. Kilianza kama kikoba cha kununua hisa kila Jumamosi, kikasajiliwa, kikakua. Leo tunajivunia mafanikio makubwa: tunamiliki maturubai, viti na masufuria ya shughuli yanayokodishwa hadi kata za jirani, tuna mradi wa sabuni ya maji, ambayo utaiona pale mezani, na tumewafundisha akina mama wa mtaa huu namna ya kuzima moto wa jikoni kabla haujashika nyumba. Hayo tunayataja kwa ufupi, maana lililotuleta mbele yako ni moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wenza wetu wanaumwa, na ugonjwa wao hauna fungu.

Askari akivunjika mguu kazini, kila mtu anajua apelekwe wapi. Akirudi mzima wa viungo lakini halali, anashtuka kila mlango ukigongwa, anawakwepa watoto wake mwenyewe, huyo anaambiwa apumzike kidogo, kesho aje zamu. Wananchi wanapopiga 114, anayekwenda ni binadamu. Binadamu ndiye aliyekuwa Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipowaka na kuua watu zaidi ya 100. Binadamu ndiye aliyekuwa Bukoba mwaka 2022, ndege ilipotumbukia Ziwa Victoria na watu 19 wakapoteza maisha. Na Kariakoo, Novemba 2024, waokoaji walizungumza na watu waliofunikwa na ghorofa, wakawapitishia maji na hewa chini ya kifusi. Wengine waliwatoa hai, wengine wakawatoa maiti.

Hatudai kwamba wa kwetu walikuwepo kote huko. Kazi ni ileile, hata pasipo na kamera. Ni kushuka kisimani kumtoa mtoto. Ni kukata bati la basi usiku huku aliyebanwa anakuita. Mwenzetu mmoja hapa, mumewe alitoka kwenye tukio la kisima, na tangu siku hiyo hataki kusikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Mwingine mkewe, askari hodari, huamka usiku wa manane kunusa jiko, chumba kwa chumba, mpaka alfajiri. Wapo walioanza kunywa pombe ambao hawakuwa wanywaji. Sisi tunaolala nao tunajua. Kazini hawasemi, kwa kuogopa kuitwa waoga au kuondolewa kwenye zamu.

Kiwewe na sonona vinatibika. Nchi yetu ina wataalamu, ina Hospitali ya Mirembe kule Dodoma, ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Lakini tiba ya maongezi haimaliziki kwa siku moja. Inataka kwenda na kurudi, wiki baada ya wiki, na nauli, na ruhusa ya kazini. Hadi leo nauli hizo na baadhi ya dawa zinatoka kwenye mfuko wa jamii wa kikoba chetu, fedha ambazo wanachama walizichanga kwa ajili ya misiba na uzazi. Mfuko huo sasa umekauka.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, hili si mara ya kwanza kusomwa. Mwaka juzi mgeni rasmi aliyesimama hapo ulipo alitamka kwenye kipaza sauti kwamba mshauri nasaha angefika ndani ya robo ile ya mwaka. Tulipiga vigelegele. Tukapaka rangi chumba, tukashona mapazia, tukanunua viti viwili vya kukaa mtu na mshauri wake. Mwaka jana tukaambiwa suala lipo kwenye mchakato. Barua zetu zina mihuri ya kupokelewa, majibu hatuna. Chumba kile sasa kinahifadhi maturubai.

Tunafurahi bajeti inapotaja magari mapya ya kuzimia moto, na tunayahitaji. Lakini gari hupelekwa gereji likipata hitilafu, wakati mtu anayeliendesha hana pa kupelekwa.

Tunaomba tiba ya afya ya akili ya askari hawa iwe na kifungu chake katika bajeti, kinachosomeka, hata kama kwa kuanzia ni sehemu ndogo ya ada za ukaguzi wa kinga ya moto ambazo wao wenyewe huzikusanya. Tunaomba mtaalamu mmoja kwa mkoa, anayefika kituoni kila baada ya tukio zito bila kusubiri askari ajipeleke, na siri ya mgonjwa isiingie kwenye faili la kupandishwa cheo. Waliostaafu nao wasisahaulike. Ndoto hizo hazistaafu.

Hatuombi mchango wa papo kwa hapo leo, na bahasha, kama ipo, tutaipokea kwa shukrani. Tunachoomba zaidi, Mheshimiwa, ni kwamba utakaposimama kutujibu utaje ofisi itakayolishika jambo hili na tarehe ya kutupa majibu kwa maandishi. Katibu wetu amekaa mstari wa mbele na daftari lake.

Naomba kuwasilisha.